UZI: Jenereta ya kuchajia betri za mitumbwi, anza kuhesabu kwenye chaja

Mwanzisha uzi (Ukerewe)

Wakuu, habari za asubuhi. Kila giza (siku zisizo na mbalamwezi, ndizo za kuvua dagaa) likikaribia, huku mialoni, yaani kwenye fukwe tunakoshushia samaki, swali ni lile lile: "Ninunue jenereta ya ukubwa gani ya kuchajia betri?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi. Kabla ya kulijibu vizuri nililikosea mara mbili kwa fedha yangu mwenyewe, na sipendi kuona mvuvi mwingine akipita njia ile ile. Kwa hiyo naliandika lote hapa.

Nina mitumbwi mitatu ya dagaa. Zamani tulikuwa tunawasha karabai, mafuta ya taa yakatumaliza, tukahamia taa za LED na betri. Kila mtumbwi una betri moja ya maji, volti 12, ampea-saa 100. Taa za mtumbwi mmoja jumla yake ni wati 60. Zinawaka kama saa 10 za usiku, hiyo ni wati-saa 600, na ukigawa kwa 12 unapata ampea-saa 50. Yaani kila alfajiri betri inarudi nusu. Chini ya nusu sishuki, kwa sababu betri ya maji inayokaushwa kila usiku haimalizi mwaka, na betri ni ghali kuliko petroli. Mwalo wetu hauna umeme. Mitumbwi inafika saa moja asubuhi, inaondoka saa kumi na mbili jioni. Hapo katikati ndipo betri tatu zinatakiwa zijae.

Kosa la kwanza. Nilinunua jenereta kubwa ya kVA 3 kwa kufikiri kwamba kubwa itachaji haraka. Nikaichomekea chaja moja ya ampea 10, ile tuliyokuwa nayo. Sasa fikiria: ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144 tu. Mashine yenye uwezo wa wati zaidi ya elfu mbili inakaa siku nzima inabeba mzigo mdogo kuliko pasi ya nguo. Na jenereta ya kawaida haijui kupunguza mwendo, lazima izunguke mizunguko ile ile 3,000 kwa dakika ili umeme uwe wa hezi 50, uwe na mzigo au usiwe nao. Tulikuwa tunachoma karibu lita tano kutwa, kelele mwalo mzima, na betri ya tatu bado inaingia ziwani haijajaa. Jenereta haikuwa na kosa lolote. Betri inapokea kile ambacho chaja inatoa, basi. Ungeniletea jenereta ya kuwasha kijiji kizima, ile chaja ingetoa ampea 10 zile zile.

Kosa la pili. Nikauza kubwa, nikachukua ndogo ya inveta (ile inayopunguza mwendo mzigo ukipungua), nikaona ina tundu lake la volti 12 limeandikwa "betri". Nikafurahi, nikasema chaja sihitaji tena. Wakuu, lile tundu lisomeni vizuri kabla ya kununua. Kwenye jenereta nyingi ndogo linatoa ampea 8 hivi, na volti yake haidhibitiwi kama inavyodhibitiwa na chaja. Ni polepole kwa betri kubwa, na ukiisahau betri pale inaendelea kusukumwa hata ikishajaa, maji yanachemka. Tundu lile ni la kumwokoa mtu aliyezimikiwa gari. Kazi ya kila siku haliwezi.

Sasa hesabu yenyewe. Anza na betri. Betri ya maji ya 100 inapenda kuchajiwa kwa ampea 10 hadi 20. Chini ya hapo unachelewa, juu ya hapo inapata joto. Nikachagua 20. Betri tatu, chaja tatu, jumla ampea 60. Zidisha kwa volti 14.4 unapata wati 864 zinazoingia kwenye betri. Lakini chaja nayo inakula chake, chukulia inafikisha asilimia 85, basi inavuta kama wati 1,016 kutoka kwenye jenereta.

Hapo watu wengi husimama, wakanunua jenereta ya wati 1,000 au 1,200. Chaja za bei nafuu hazivuti umeme kwa ulaini, zinauvuta kwa mikupuo, na jenereta inauona mzigo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa. Ndiyo tofauti ya kVA (mzigo ambao jenereta inauona) na kW (nguvu inayofanya kazi kweli) mnayoiona kwenye kibati cha mashine. Mimi hugawa kwa 0.7. Zile 1,016 zinakuwa kama 1,450. Niliwahi kuazima ya jirani, ya wati 900. Chaja ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ilipoingia taa nyekundu ikawaka na umeme ukakata.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi na huku kwetu lina maana kubwa. Injini ya petroli hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu, kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: karibu asilimia 13 imekwisha kabla hujachomeka kitu. Jenereta inayoitwa ya wati 900 Dar es Salaam, hapa Ukerewe ni ya 780.

Na soma namba sahihi. Kwenye boksi wanaandika kwa maandishi makubwa zile wati za kilele, ambazo mashine inazimudu kwa muda mfupi tu. Wewe tafuta wati za kuendelea. Mfano Honda EU22i: kilele 2,200, za kuendelea 1,800. Kwa huku ziwani 1,800 zinabaki kama 1,560, na hesabu yangu ya 1,450 inaingia. Ina kilo 21, kijana mmoja anaibeba. Ndogo yake, EU10i, ina kilo 13, za kuendelea ni 900. Sisemi mnunue hizo, zina bei. Nazitaja kwa kuwa namba zake zinaeleweka, mtumie kupimia nyingine zozote.

Inveta au ya kawaida? Kwa kuchaji betri mimi nasema inveta. Inapunguza mwendo mzigo ukipungua, na mzigo wa betri lazima upungue, ndiyo tabia yake. Ikifika kama asilimia 80 betri ya maji inaanza kukataa, ampea zinashuka kutoka 20 kwenda 10, 5, 3, na hiyo asilimia 20 ya mwisho inaweza kuchukua saa tatu, nne. Kukesha na jenereta kwa ajili ya ampea 3 ni kumwaga petroli. Kwa hiyo mimi nawasha saa moja na nusu asubuhi, nazima saa tatu na nusu. Saa mbili, lita moja na nusu. Iliyobaki wanamalizia sola, paneli za wati 100, moja kwa kila betri, mpaka jioni. Zile lita tano za kila siku sijaziona tena.

Kama bajeti yako ni ndogo, teremka kwenye chaja, usiilazimishe jenereta. Ampea 10 kwa kila betri: jumla 30, wati 432, zinavutwa 508, ukigawa kwa 0.7 ni kama 726. Ile ya wati 900 inabeba hata huku juu, ingawa haina nafasi ya ziada. Utakaa muda mrefu zaidi, lakini utalala usingizi.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Musoma)

Mkuu asante sana, hii ya mwinuko sikuwahi kuisikia popote. Swali: kama sola inamalizia, kwa nini usiweke sola tupu ukaachana na petroli?

Mwanzisha uzi

Ndugu, ukiweza fanya hivyo, na wala siitetei jenereta. Paneli ya wati 100 ikipata jua kamili kwa muda wa saa tano, ukiondoa upotevu, inarudisha kama ampea-saa 30 kwa siku. Mimi natoa 150 usiku, na betri ya maji lazima uirudishie zaidi ya ulichotoa, weka 175. Hizo ni paneli sita. Mwezi wa saba zinatosha na kubaki. Shida ni masika na vuli, wingu linakaa siku tatu na giza halikungoji. Giza likipita hujavua, mbalamwezi inaingia, unakaa nchi kavu huku vibarua wanataka posho. Kwa hiyo jenereta kwangu ni ya asubuhi na ya siku za wingu. Mwenye mtumbwi mmoja akae na paneli mbili au tatu, na siku ya wingu apeleke betri kuchajisha kwa mwenye jenereta.

Mchangiaji (Kigoma)

Huku Ziwa Tanganyika, sisi wa vipe (vyombo vya kuvulia dagaa usiku) wengine tunabeba jenereta chomboni. Yangu ni mpya kabisa, nchi kavu inawaka vizuri, nikifika majini inazima yenyewe. Fundi amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, tatizo lile lile. Naanza kuamini nimeuziwa feki.

Mwanzisha uzi

Mkuu, kabla ya kuitupa angalia oili. Jenereta nyingi za siku hizi zina kihisio cha oili. Oili ikishuka, kinazima injini ili isife. Sasa chombo kikiyumba, oili inakimbilia upande mmoja, kihisio kinabaki kikavu sekunde chache, kinadhani oili imekwisha. Jaza oili mpaka alama ya juu kabisa ikiwa mashine imekaa sawa, na iweke katikati ya chombo ambapo mtikisiko ni mdogo, siyo kwenye ncha. Usije ukamruhusu fundi akate waya wa kihisio. Watakushauri hivyo. Siku oili itakapokwisha kweli hutajua mpaka pistoni ishike.

Na nyinyi Tanganyika ni mita 773, mnapoteza kama asilimia 9, mna nafuu kuliko sisi.

Mchangiaji (Kigoma)

Oili ilikuwa chini ya alama ya katikati. Nimejaza. Nitaleta jibu.

Mchangiaji (Kilwa Kivinje)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Mie niko pwani, nna jahazi, twatoka siku tatu nne na jokofu dogo la samaki, redio ya VHF na taa za njia. Betri zangu mbili za 200 ziko chini ya sitaha. Jenereta nataka niweke humo humo chini isipigwe na maji ya chumvi. Mwaonaje?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam kaka. Tafadhali usiweke chini. Hili naomba kila anayesoma alisome taratibu.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na haikupi onyo. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anadhani ni usingizi au bahari, analala, haamki. Hata jenereta ikiwa juu, ekzosi ikielekea kwenye mlango wa chini hewa ile inashuka kwa waliolala. Iweke juu, upande wa demani (upepo unakoelekea), upepo uchukue moshi uende nao baharini, na kila mnapogeuza tanga muitazame tena, kwani demani ya asubuhi ndiyo joshi (upande upepo unakotoka) ya mchana. Wakati inawaka asilale mtu chini.

La pili ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Ukimwagika unateremka mpaka kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo) na kukaa humo ukingoja cheche. Kujaza mafuta ni mashine ikiwa imezimwa na imepoa, juu ya sitaha, na dumu lifungwe nje. Betri nazo zikichaji hutoa haidrojeni, ambayo hupanda juu na kujikusanya chini ya sitaha ikikosa upenyo. Kwa hiyo una gesi moja inayoshuka, moja inayopanda, na watu katikati. Fungua milango pande zote mbili wakati wa kuchaji.

Vibano vya chaja fungeni kwenye betri kwanza, ndipo muwashe umeme. Kumaliza ni kinyume chake: zima umeme, kisha toa vibano. Cheche ikiruka juu ya betri iliyotoka kuchajiwa, inapasuka na kumwaga tindikali usoni.

Mchangiaji (Kilwa Kivinje)

Shukrani kaka, umenitisha lakini umenifaa. Basi jenereta ikae juu kwenye shetri (nyuma ya chombo), na chaja je? Nikiweka chaja karibu na jenereta niteremshe waya mpaka kwenye betri, ni mita tano hivi.

Mwanzisha uzi

Kinyume chake. Chaja ikae karibu na betri, pakavu, na waya mrefu uwe ule wa volti 230. Nakupa hesabu. Chaja ya ampea 30, waya wa 6 (unene wa milimita 6 za mraba), mita tano kwenda na tano kurudi: unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Chaja inadhani imefikisha 14.4 kumbe betri inapata 13.5, na kwa volti hiyo haitajaa hata ukikesha. Ukiweka waya wa 16 upotevu unashuka hadi 0.3, lakini waya huo ni ghali. Upande wa volti 230 umeme wa kazi hiyo hiyo ni ampea mbili tatu tu, waya wa 2.5 wa mpira mzito unatosha bila upotevu wa kuhesabu. Hakikisha waya ni mzima, haujaungwaungwa, na viungio haviguswi na maji. Volti 230 na maji ya chumvi ni kifo.

Betri zako jumla ni 400, unaweza kuzipa ampea 40 hadi 80. Chaja ya 40 ni wati 576, zinavutwa 680, ukigawa kwa 0.7 ni kama 970. Wewe uko usawa wa bahari hupotezi kitu kwa mwinuko. Ya inveta yenye wati 1,000 au zaidi za kuendelea inakutosha, na 1,600 inakupa nafasi ukitaka kuwasha jokofu wakati huo huo. Kumbuka jokofu la umeme wa kawaida linaruka juu sana linapoanza, likiwa la volti 12 halina shida hiyo.

Mchangiaji (Mwanza)

Wakuu mimi ni fundi, naongeza machache. Mkienda dukani au kununua iliyotumika, nendeni na pasi ya wati 1,000 na mita. Chomeka pasi, iache dakika kumi. Volti zikishuka chini ya 210 au injini ikikohoa, hiyo siyo ya wati 1,000, haijalishi boksi linasema nini. Muulize pia kama koili ni ya shaba au aluminiamu. Aluminiamu inafanya kazi lakini inapata joto upesi kwa mzigo wa muda mrefu, na kuchaji betri ni mzigo wa muda mrefu.

Zile ndogo za kuchanganya oili na petroli, moja kwa hamsini, wengi wanazipenda kwa bei. Kwa kuwasha taa na redio ni sawa. Kwa kazi ya kila siku ya saa nyingi sizishauri, mara nyingi uwezo wake wa kweli ni wati 650 tu na zinakula mafuta kwa kiasi cha kazi yake.

Mchangiaji (Musoma)

Na hizi betri za lithiamu zinazoingia sasa?

Mwanzisha uzi

Nimezitumia giza mbili kwenye mtumbwi mmoja, za aina ya chuma-fosfeti, na nimezipenda. Moja ya 100 ina kilo 12 hivi, ya maji inakaribia 30, na wanaobeba kutoka mtumbwini hadi kambini ni vijana wetu. Kwa upande wa jenereta raha yake ni kwamba haikatai mwishoni. Inapokea ampea zote mpaka karibu na kujaa, kwa hiyo ampea-saa 50 kwa chaja ya 40 ni saa moja na robo, unazima mashine. Lakini chaja iwe na mpangilio wa lithiamu. Zile chaja zenye hatua ya "kufufua" betri zinapandisha volti juu ya 15, usizikaribishe. Bei yake ndiyo inayonizuia kubadilisha zote tatu, nabadilisha moja moja kila msimu ukiruhusu.

Mchangiaji (Kigoma)

Wakuu nimerudi. Usiku wa jana imewaka mpaka alfajiri haijazima hata mara moja. Ilikuwa oili. Mkuu Mungu akubariki, nilikuwa nimeshapata mteja wa kuiuza kwa hasara. Swali la mwisho: hizi siku za mbalamwezi ikikaa bila kazi niifanye nini?

Mwanzisha uzi

Nimefurahi sana kaka. Mbalamwezi ikianza, funga koki ya mafuta ukiwa umeiacha inaunguruma mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Petroli ikikaa humo inaacha utando wa kunata unaoziba tundu dogo, na ndiyo sababu nyingi za "haiwaki". Kama yako haina koki, legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage kwenye chupa. Oili badilisha baada ya saa 20 za kwanza, baadaye kila saa 100, andika tarehe kwa kalamu kwenye mwili wa mashine. Wa pwani waifute chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo (yasiyo ya chumvi), hasa kwenye soketi, wasiimwagie ndoo.

Na betri usiziache nusu siku hizo kumi. Zijaze kabisa mara mtumbwi wa mwisho unaporudi, ongeza maji ya betri yale safi ya dukani, siyo ya ziwani, kisha zitenganishe na taa.